Namba Tasa ya Mwalimu Lucas

Nilikuwa darasa la tano siku mwalimu wetu wa Hisabati alipoandika ubaoni, kwa chaki ya rangi, maneno mawili: NAMBA TASA. Darasa likacheka. Kicheko cha watoto hutafuta mahali pa kutua, na siku ile kilitua kwangu, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba ninalelewa na shangazi yangu, na mtaa mzima ulijua shangazi anaitwaje akishapita. Mwalimu aligonga meza kwa rula, akaeleza kwamba namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, pasipo kubaki kitu. Tukanakili: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Mwenzangu wa dawati la nyuma alinichoma mgongoni kwa kalamu, akaninong'oneza jina la shangazi.

Sekondari masomo yakageuka Kiingereza na neno lile likapotea. Sasa nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu ni nadharia ya namba. Kwa miaka mingi nimezitaja namba hizo kila siku bila kumkumbuka mtu yeyote. Neno la Kiswahili lilinirudia mwaka jana nilipokuwa nikisoma habari za namba moja tu, hii hapa:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Ina tarakimu 39. Kwa kifupi huandikwa 2¹²⁷ − 1: zidisha 2 kwa 2 mpaka ufikishe mbili 127, kisha toa moja. Ni namba tasa. Aliyeithibitisha ni mwalimu wa shule ya sekondari huko Ufaransa, mwaka 1876, bila mashine.

Kabla sijafika kwake, niseme kuhusu neno lenyewe. Kiswahili kilipotaka majina ya namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika, kilichukua ya Kiarabu, shufwa na witiri, na kila aliyewahi kusali witiri baada ya isha analijua la pili. Lakini kwa namba za aina hii Waarabu husema "awwali", yaani ya kwanza, na hilo hatukulichukua. Wagiriki wa zama za Euclid nao walisema "ya kwanza", na lugha za Ulaya zikarithi hivyohivyo. Ya kwanza, kwa sababu namba nyingine zote hutokana nazo: 12 ni 2 mara 2 mara 3, 35 ni 5 mara 7. Hakuna namba kubwa kuliko 1 ambayo ama si tasa yenyewe, ama haikuzaliwa na tasa. Sisi tuliitazama kutoka upande wa kugawanya, tukaona namba isiyotoa kitu, tukaipa jina la mwanamke asiyezaa. Euclid angeshangaa. Kwake hizi ndizo mama wa zote.

Sasa, mwaka 1644, mtawa mmoja wa Paris, Marin Mersenne, alichapisha kitabu kiitwacho Cogitata Physico-Mathematica. Ndani yake alitoa orodha. Alizungumzia namba za umbo hili la 2 kwa kipeo fulani, kutoa 1, na akatamka kwamba ukichukua vipeo visivyozidi 257, zinazokuwa tasa ni zile zenye vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na nyingine zote si tasa. Ndogo zake zilikuwa zimeshakaguliwa na watu. Kubwa hakuna aliyezikagua, wala asingeweza. Mersenne mwenyewe aliandika kwamba kuijua namba ya tarakimu 15 au 20 kama ni tasa au siyo, muda wote uliopo usingetosha. Hata hivyo aliitamka ya tarakimu 39, na ya tarakimu 78 pia.

Kila nikiitazama orodha ile naona watu wa mtaani kwetu wamekaa barazani. Fulani ni hivi, fulani ni vile. Imeshasemwa na mtu mwenye heshima zake, basi imekuwa. Mersenne aliheshimika kweli: nusu ya wanasayansi wa Ulaya ya wakati wake waliandikiana barua kupitia chumba chake. Orodha ikabaki vitabuni miaka na miaka. Euler, mwaka 1772, alithibitisha 2³¹ − 1, ambayo ni 2,147,483,647, kwa kuitafutia kigawo kwa subira na akili nyingi mpaka akaishiwa vya kujaribu. Baada ya hapo njia ya kujaribu kugawanya ilifika ukingoni.

Fikiria namba yetu ya tarakimu 39. Ili kuhakikisha kwamba haina kigawo, unatakiwa ujaribu mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho kina tarakimu 20. Ipo hila inayosaidia: kigawo chochote cha 2¹²⁷ − 1 ni lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 254, kwa hiyo nyingi unaziruka. Hata ukiruka hizo, ukijaribu moja kila sekunde usiku na mchana bila kula, utahitaji zaidi ya miaka bilioni moja na nusu.

Édouard Lucas alizaliwa Amiens mwaka 1842. Alifanya kazi kituo cha kutazama nyota cha Paris, akapigana kama ofisa wa mizinga katika vita ya Ufaransa na Prussia, kisha akaenda kufundisha sekondari katika mji mdogo wa Moulins. Huko ndiko alikoifanya kazi hii. Nampenda mtu huyu kwa sababu alikuwa mchezaji. Aliandika vitabu vya michezo ya hisabati, na mwaka 1883 alitoa ule mchezo wa Mnara wa Hanoi, wa kuhamisha visahani kutoka mti mmoja kwenda mwingine, akausaini kwa jina la N. Claus wa Siam. Ukizipanga upya herufi unapata Lucas wa Amiens. Na idadi ya chini ya hatua za kuumaliza mchezo huo, ukiwa na visahani n, ni 2 kwa kipeo cha n, kutoa 1. Namba zilezile. Alizibeba hata kwenye mchezo.

Wazo lake kubwa lilikuwa kuacha kugawanya kabisa. Aliuliza: je, inawezekana kuijua namba kuwa ni tasa bila kukitafuta kigawo chake hata kimoja? Jibu lake lilitoka kwenye mfuatano ambao yeye ndiye aliyeupa jina la Fibonacci, ule wa 1, 1, 2, 3, 5, 8, na kwenye ndugu yake, 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47, ambao leo huitwa namba za Lucas. Katika ndugu huyo chukua 3, 7 na 47. Tazama: 3 mara 3 ni 9, toa 2 unapata 7. 7 mara 7 ni 49, toa 2 unapata 47. Endelea hivyohivyo, zidisha namba kwa yenyewe na kutoa 2, ila kila inapozidi namba unayoipima, gawa na ushike baki tu.

Tuijaribu kwa 127, yaani 2⁷ − 1. Tunaanza na 3, inakuja 7, inakuja 47. 47 mara 47 kutoa 2 ni 2,207; ukigawa kwa 127 baki ni 48. 48 mara 48 kutoa 2 ni 2,302, baki 16. 16 mara 16 kutoa 2 ni 254, ambayo ni 127 mara mbili kamili, baki 0. Tumefanya hatua tano, mbili pungufu ya kipeo 7, na tumeangukia sifuri. Ukiangukia sifuri hapo, namba ni tasa. Usipoangukia, siyo. Njia hii ya kuanzia 3 inafaa kwa vipeo tasa vinavyobakiza 3 ukivigawa kwa 4, kama 7, 67 na 127.

Kwa 2¹²⁷ − 1 hatua ni 125. Kila hatua ni kuzidisha namba ya tarakimu 39 kwa yenyewe na kutafuta baki. Inachosha, lakini ni maisha ya mtu mmoja, siyo miaka bilioni. Na Lucas, mchezaji, alitafuta namna ya kuifanya iwe mchezo. Aliziandika namba kwa 0 na 1 peke yake, na akaeleza ubao kama wa sataranji wenye miraba 127 kwa 127. Penye 1 unaweka kete, penye 0 unaacha wazi. Kuzidisha kunakuwa kupanga safu ileile chini ya nyingine, imesogezwa kushoto kidogo kila mara. Na hapa umbo la namba linamsaidia: kwa kuwa tunapima kwa 2¹²⁷ − 1, kete inayotoka nje ya ukingo wa kushoto haiendi popote, inaingia tena kwa upande wa kulia. Mwishoni unateremsha zote kwenye safu moja: kete mbili zikikutana katika mraba mmoja, unaziondoa na kuweka moja katika mraba unaofuata kushoto. Kugawanya, ile kazi iliyowashinda watu, hakumo kabisa. Kuna kusogeza kete tu.

Anayejua bao hahitaji kuelezwa zaidi. Kete za bao nazo hazitoki nje. Zikifika mwisho wa safu zinageuka na kuzunguka.

Mwaka 1876 Lucas alitangaza mambo mawili. La kwanza, 2¹²⁷ − 1 ni tasa. Mersenne alikuwa amepatia, kwa bahati. La pili, 2⁶⁷ − 1 si tasa. Hii ya pili ndiyo iliyonifanya niweke kitabu chini. Ilikuwa imeitwa tasa tangu 1644, miaka 232, na kumbe siyo. Lucas aliweza kusema kwa hakika kwamba ina vigawo, ila hakuweza kukitaja hata kimoja, kwa sababu kipimo chake hakigusi vigawo. Vilifichuliwa na Mmarekani Frank Nelson Cole, aliyevionyesha Oktoba 1903 katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani, New York: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa kwamba hakutamka neno, alifanya hesabu ubaoni tu, pande mbili zikalingana, akarudi kukaa na watu wakapiga makofi. Msimulizi mkuu wa kisa hicho alipenda kutia chumvi, lakini zile namba mbili unaweza kuzizidisha mwenyewe.

Orodha ya Mersenne ikaanza kuporomoka. Padri wa kijijini huko Urusi, Ivan Pervushin, alionyesha mwaka 1883 kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa, na haikuwamo. Ralph Powers wa Marekani akaongeza vipeo 89 na 107, mwaka 1911 na 1914. Katika miaka ya 1920 ikajulikana kwamba 257 haikustahili kuwamo. Makosa matano kwa jumla: mbili zilizosingiziwa, tatu zilizonyimwa haki yao. Ukaguzi wa vipeo vyote mpaka 257 haukumalizika hadi 1947.

Nami nikamfikiria shangazi. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akaachwa baada ya miaka sita, na sababu iliyotolewa mbele ya wazee ilikuwa neno hilohilo la ubaoni. Hakupelekwa hospitali. Hakuna aliyepima chochote. Mume akaoa mwingine, kisha wa tatu, na mpaka anazeeka hakuna mtoto aliyelia katika nyumba ile. Wazee waliotamka neno lile hawakurudi kulifuta, na mtaani hakuna aliyefanya hesabu hiyo rahisi. Shangazi alirudi kwao, akalea watoto wa kaka zake. Tulikuwa saba kwa nyakati tofauti. Mimi ni wa mwisho.

Sitaki kumgeuza kuwa mfano wa hesabu, angenikemea. Lakini wanaosema hisabati haina habari na maisha ya watu hawajakaa dawati la mbele wakichomwa kalamu mgongoni.

Nirudi kwa Lucas, kwa sababu kazi yake haikuwa safi kabisa. Uthibitisho wake ulikuwa na mapengo, na katika miaka ya 1930 Mmarekani D. H. Lehmer aliuziba na kuurahisisha. Ndiyo maana leo kipimo hiki kinaitwa kwa majina yote mawili. Na hesabu ya 2¹²⁷ − 1 ilirudiwa na Mfaransa mwingine, Fauquembergue, mwaka 1914. Lucas hakuwepo kuona. Mwaka 1891, katika karamu ya wanasayansi, sahani ilianguka, kipande kikaruka na kumkata shavuni. Jeraha likapata maambukizi na siku chache baadaye akafa, akiwa na umri wa miaka 49. Mtu aliyeshinda miaka bilioni aliuawa na kigae.

Namba yake ilibaki kuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miaka 75. Mwaka 1951 ilipitwa, kwanza na mtu aliyetumia mashine ya mezani ya kuhesabia, kisha na kompyuta ya Cambridge iitwayo EDSAC. Miller na Wheeler, waliokuwa wakiitumia kompyuta hiyo, walichukua namba ya Lucas yenyewe, wakaizidisha kwa yenyewe, wakazidisha kwa 180, wakaongeza 1, na hiyo ikawa tasa ya tarakimu 79. Naipenda rekodi hiyo: namba iliyovunja rekodi ya Lucas ilijengwa juu ya namba ya Lucas. Januari 30, 1952, programu aliyoiandika Raphael Robinson ilipata mbili katika usiku mmoja, 2⁵²¹ − 1 na 2⁶⁰⁷ − 1, kwa kompyuta ya Los Angeles ambayo alikuwa hajawahi kuiona kwa macho. Kipimo kilikuwa cha Lucas na Lehmer. Kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, na bado kipimo kinachotumika kuhakikisha ni kilekile: zidisha kwa yenyewe, toa 2, shika baki.

Huko nyuma, wakati wa Lucas, Catalan wa Ubelgiji aliona jambo dogo la kupendeza. 2² − 1 ni 3. 2³ − 1 ni 7. 2⁷ − 1 ni 127. 2¹²⁷ − 1 ni namba ya Lucas. Kila moja ni tasa na kila moja inakuwa kipeo cha inayofuata. Je, inayofuata hapo?

Desemba nilikwenda nyumbani Korogwe. Shangazi alikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama ninakula vizuri na ninasoma nini hasa huko, maana majirani wanamuuliza naye hana la kuwajibu. Nikasema nasoma namba. Akasema namba kila mtu amesoma. Basi nikaomba maharage kidogo.

Nilichora kwa mkaa mistari kwenye sakafu, nafasi saba, na kila nafasi nikampa thamani yake kutoka kulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Nikaweka 48, yaani harage moja kwenye 32 na moja kwenye 16. Nikamwonyesha jinsi ya kuzidisha kwa kusogeza, na kwamba likitoka kushoto linaingia kulia. Hapo alinisukuma mkono, akasema hili ni bao, akasogeza mwenyewe. Yakapatikana maharage manne: moja kwenye 8, mawili kwenye 4, moja kwenye 2. Mawili yaliyokutana akayatoa, akaweka moja kwenye 8, na kwa kuwa pale palikuwa na jingine, akayatoa hayo pia akaweka moja kwenye 16. Nilimwambia atoe 2. Likabaki harage moja, kwenye 16.

"Mara moja tena," nikasema.

Akalisogeza nafasi nne: 32, 64, likazunguka likaingia 1, likakaa 2. Nikasema toa 2. Akaliokota, na mistari ikabaki mitupu.

"Haijabaki kitu."

"Ikiisha hivi, shangazi, namba hiyo ni tasa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku kadhaa jinsi ya kulitamka neno hilo mbele yake, na likatoka hivyo tu. Alilishika lile harage kiganjani muda kidogo. Akauliza, "Na kabla ya huyo Mzungu kuleta ubao wake, walikuwa wanajuaje?"

"Walikuwa wanasema tu."

Hakujibu. Nikamweleza haraka kuhusu ile namba ya mwisho ya Catalan, 2 yenye kipeo kile kirefu cha tarakimu 39, kutoa 1. Idadi tu ya tarakimu zake ni namba yenye tarakimu 38, kwa hiyo hakuna ubao wala kompyuta ya kuikalisha. Kipimo cha Lucas kipo, ila hakuna atakayekimaliza. Wengine wanadhani ni tasa, nikasema, wengine wanadhani siyo.

"Wanadhani," alisema, akarudisha harage kwenye ungo.